Kompaila na Mtunzi wa Programu: Historia ya Mgawanyo wa Kazi na Suala la Jina

Utangulizi

Mfasiri wa maandishi ya kompyuta hachelewi kukutana na jina la kile chombo ambacho hupokea programu iliyoandikwa na binadamu, katika lugha iliyo karibu na hesabu au na usemi wa kawaida, kikaigeuza kuwa mfululizo wa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Chombo hicho nacho ni programu. Katika makala haya tutakiita kompaila, kwa kulitohoa jina lake la Kiingereza, mpaka tutakapofika mwisho na kuuliza kama lipo jina la Kiswahili lifaalo zaidi.

Swali hilo haliwahusu wanaisimu peke yao. Jina lisilofaa humpotosha mwanafunzi kabla mwalimu hajaanza kusomesha. Akiambiwa kwamba chombo hiki hukusanya, hataelewa kinafanya nini. Akiambiwa kwamba hufikia ubora usio na kifani, atakiachia kazi ambayo ni yake mwenyewe. Na ofisi inayotegemea programu za kukokotoa mishahara au kodi, ikidhani kwamba mashine itayanyoosha yote yaliyoandikwa ovyo, itakuja kuilipia dhana hiyo.

Kwa hiyo tumeona ni vema tueleze kwanza historia ya mgawanyo wa kazi baina ya mtunzi wa programu na kompaila, kuanzia mwaka 1952, ndipo tulijadili jina. Istilahi nzuri hutokana na kuijua kazi ya kitu chenyewe.

Jina lilianzia katika kukusanya

Katika kompyuta za kwanza, mtunzi wa programu aliandika amri zake kwa tarakimu. Kila amri ilitaja tendo la kufanywa na anwani ya mahali katika kumbukumbu ya mashine ilipowekwa namba ya kufanyiwa tendo hilo. Kipande cha programu kilichokwisha kujaribiwa, tuseme cha kutafuta kipeuo cha pili, kilinakiliwa kwa mkono kutoka katika daftari la mtunzi mmoja hadi programu ya mwenzake, na anwani zote zikabidi zibadilishwe moja moja ili ziafikiane na mahali papya. Kunakili kulizaa makosa, na kujumlisha anwani kukazaa mengine.

Mmarekani Grace Hopper, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kujiunga na jeshi la wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndiye aliyeipa mashine kazi hiyo ya kunakili. Mwaka 1952, akiwa katika kampuni ya Remington Rand, alikamilisha mfumo ulioitwa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC. Vipande vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa katika utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya kuitia. Mtunzi aliandika orodha ya namba za vipande alivyovihitaji, nayo mashine ikavitafuta utepeni, ikavipanga kwa taratibu na kuzirekebisha anwani zake.

Jina la Kiingereza lilizaliwa hapo, kutokana na kitenzi chenye maana ya kukusanya vitu kutoka sehemu mbalimbali na kuviweka pamoja, kama afanyavyo mtu anayetayarisha diwani ya mashairi kutoka katika maktaba. Kwa A-0 jina hilo lilikuwa sahihi kabisa. Lakini mfumo huo haukuwa na ustadi wa kuliboresha lile ulilolikusanya. Kasi ya programu ilitegemea vipande vyenyewe, na vipande vilikuwa kazi ya mikono ya binadamu.

FORTRAN na hofu ya watunzi

Hatua kubwa iliyofuata ilichukuliwa katika kampuni ya IBM na kikundi kilichoongozwa na John Backus. Mwaka 1953 Backus alikuwa ametengeneza mfumo wa kurahisisha utunzi wa programu kwa kompyuta ya IBM 701. Mfumo huo ulimpunguzia mtunzi taabu, lakini uliisoma na kuitafsiri kila amri wakati uleule wa kuitekeleza, na kwa sababu hiyo ulikuwa wa polepole mno. Wakati huo wengi walivumilia, kwani hesabu za namba zenye nukta ya desimali zilifanywa kwa programu ndefu zilizokula muda mwingi wa mashine, na ucheleweshaji mwingine ukafichika ndani yake. Kompyuta ya IBM 704, iliyotangazwa mwaka 1954, ilizifanya hesabu hizo kwa vyombo vyake yenyewe. Maficho yakaondoka.

Backus na wenzake walitambua kwamba kama programu itokayo kwa kompaila itakuwa na nusu tu ya kasi ya ile iliyoandikwa kwa mkono na mtu hodari, hakuna atakayeikubali. Watunzi wa siku hizo walijivunia ufundi wao, wala hawakuamini kwamba mashine ingeweza kuuiga. Upande wa pili ulikuwa wa gharama. Katika vituo vya kompyuta vya wakati huo, malipo ya watunzi yalilingana angalau na gharama ya kompyuta yenyewe, na kati ya robo na nusu ya muda wa mashine ilitumika kutafuta makosa. Taarifa ya awali ya lugha ya FORTRAN ilitolewa Novemba 1954, na kompaila yenyewe ikafika kwa watumiaji Aprili 1957.

Ili msomaji aone kompaila hiyo ilifanya nini, tuchukue mfano wa jedwali lenye mistari 100 na safu wima 50. FORTRAN huzipanga namba za jedwali katika kumbukumbu safu baada ya safu. Kwa hiyo, ili kuifikia namba iliyo katika mstari fulani wa safu ya saba, mashine huanza pale jedwali linapoanza, ikaruka safu sita zenye nafasi 100 kila moja, ndipo ikahesabu mistari. Hapo pana kuzidisha. Ikiwa programu inauzungukia mstari mmoja kutoka safu ya kwanza hadi ya hamsini, kuzidisha huko kutarudiwa mara hamsini. Mtunzi hodari angegundua kwamba hakuna haja, kwa kuwa kutoka safu moja hadi inayofuata ni kusogea nafasi 100 tu, kujumlisha kunatosha. Kompaila ya mwaka 1957 iliweza kuligundua jambo hilo yenyewe, na katika programu zenye mizunguko ndani ya mizunguko haikuchoka kama mtu. Backus alieleza mwaka 1978 kwamba wakati mwingine waliyashangaa mageuzi yaliyofanywa na chombo walichokiunda wao wenyewe, kwani hawakuyatarajia.

Hata hivyo kompaila hiyo haikujidai kujua kila kitu, na hapa ndipo tunapoona kiini cha hoja yetu. IBM 704 ilikuwa na rejista fahirisi tatu tu, yaani nafasi tatu za haraka za kuwekea hesabu za mizunguko. Programu kubwa ilihitaji nyingi zaidi. Ni sehemu zipi za programu zipewe rejista hizo? Jibu linategemea ni sehemu zipi zitakazotekelezwa mara nyingi, na hilo hutegemea data, ambazo kompaila haijaziona. Kwa sababu hiyo FORTRAN ya kwanza ilikuwa na kauli maalumu, FREQUENCY, ambayo kwayo mtunzi aliweza kuiambia kompaila kadirio lake: penye njia panda hii, njia ya kwanza itafuatwa mara nyingi kuliko ya pili. Sehemu ya kompaila iliyotayarishwa na Lois Haibt iliyapokea makadirio hayo, ikaifuatisha mikondo ya programu kwa namna ya bahati nasibu, na kuhesabu kila sehemu imepitiwa mara ngapi. Sehemu iliyoandaliwa na Sheldon Best ikazigawa rejista kwa kufuata hesabu hiyo. Mtu alitoa ujuzi wake wa mambo, mashine ikatoa uvumilivu wake wa kuhesabu.

Kauli hiyo haikuingizwa katika FORTRAN sanifu ya Marekani ya mwaka 1966. Lakini haja yake haikufa. Siku hizi kompaila kadhaa hupata makadirio kwa kuiendesha programu yenyewe juu ya data za mfano na kupima. Kuhesabu sasa ni kazi ya mashine. Kuchagua data za mfano zinazofanana na kazi halisi kumebaki kwa mtu.

Mpaka husogea

Mpaka baina ya kazi ya mtu na kazi ya kompaila haukukaa mahali pamoja. Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilimpa mtunzi neno register, ambalo kwalo aliiomba kompaila iiweke namba fulani katika rejista. Kwenye kompyuta ya PDP-11, maombi matatu ya kwanza tu katika kila kipande cha programu ndiyo yaliyotimizwa. Kwa hiyo mtunzi hakuwa na budi kufikiri kwa makini ni namba zipi azipendelee.

Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walieleza njia ya kugawa rejista iliyotokana na tatizo la kale la kupaka ramani rangi. Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya shule ataielewa. Masomo mawili yanayofanywa saa moja hayawezi kupewa chumba kimoja. Yanayofanywa saa tofauti yanaweza. Vivyo hivyo, namba mbili zinazohitajika kwa wakati mmoja hupewa rejista tofauti, na zisizokutana huweza kupokezana rejista moja. Kompaila huchora mtandao wa namba zote na migongano yao, kisha huzigawia rejista kama mtu apakaye nchi jirani rangi zisizofanana. Kazi hii ina mamia ya masharti, na binadamu huchoka nayo upesi. Kidogo kidogo kompaila zikaacha kulisikiliza ombi la mtunzi, kwani ziliweza kugawa vizuri kuliko yeye. Lugha ya C++ ililiondolea neno hilo kazi yake katika kiwango chake cha mwaka 2017.

Katika kusogeza mpaka huu hatuwezi kumwacha Frances Allen. Aliingia IBM mwaka 1957, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasomesha FORTRAN wanasayansi wa kampuni hiyo. Baadaye yeye na John Cocke waliyaainisha mageuzi ambayo kompaila inaweza kuyafanya bila kuibadili maana ya programu, na kueleza jinsi ya kuuchambua mtiririko wa programu ili kujua ni lini kila geuzi linaruhusiwa. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kuipata. Maneno “bila kuibadili maana” ndiyo kanuni kuu ya fani hii. Kila mfasiri ataitambua kuwa ndiyo kanuni yake pia.

Kilichobaki kwa binadamu

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoiwekea kompaila mipaka. Tuseme ofisi ina orodha ya vidahizo 60,000 vya kamusi, na mtunzi ameandika programu inayotafuta neno kwa kulinganisha kidahizo kimoja baada ya kingine tangu mwanzo. Kwa wastani italinganisha mara 30,000 hivi kabla ya kulipata. Kompaila hodari itaufanya kila ulinganisho uwe wa haraka, pengine mara mbili au tatu. Lakini kama orodha imepangwa kialfabeti, mtu anayeijua kamusi ataanza katikati, aitupe nusu isiyohusika, na kurudia hivyo; kwa njia hiyo ulinganisho hauzidi 16. Tofauti hiyo ni kubwa kupita geuzi lolote la rejista. Kompaila haiwezi kutegemewa kuileta, kwa sababu programu haijasema mahali popote kwamba orodha imepangwa. Mtu ndiye ajuaye.

Mfano wa pili ni wa programu inayokizidisha kila kiasi katika orodha ya mishahara kwa kiwango cha kodi, na kuyaandika majibu katika orodha nyingine. Ni dhahiri kwa karani yeyote kwamba kiwango cha kodi hakibadiliki katikati ya kazi, na kwamba inatosha kukisoma mara moja. Kompaila ya lugha ya C haina yakini hiyo. Huenda, kwa yote iyajuayo, orodha ya majibu imewekwa mahali palepale pa kumbukumbu penye kiwango cha kodi, na kuandika jibu moja kutakibadili. Kwa hiyo huweza kulazimika kukisoma upya kila mara. Kanuni za FORTRAN zililiondoa shaka hilo kwa kumkataza mtunzi kupishanisha vitu kwa namna hiyo. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilimpa mtunzi neno restrict, ambalo kwalo huahidi kwamba vitu hivyo havipishani. Ahadi hiyo ni ya mtu. Akiahidi uongo, kompaila itamwamini, na majibu yatakuwa mabaya.

Kwamba jambo hili si la nadharia tupu lilionekana mwaka 2009 katika kiini cha mfumo wa Linux. Katika sehemu moja ya kiini hicho, programu ilisoma kwanza kitu kupitia anwani iliyopewa, na baada ya hapo ndipo ikauliza kama anwani hiyo ni tupu, ili ikatae kuendelea. Kanuni za lugha ya C hazimruhusu mtunzi kusoma kupitia anwani tupu. Kompaila ikatoa hoja hivi: kwa kuwa kitu kimekwisha kusomwa, anwani haiwezi kuwa tupu; basi swali linalofuata ni la bure. Ikalifuta. Kwa kulifuta, ilifungua mlango ambao mtumiaji wa kawaida aliweza kuutumia kujipatia mamlaka yote ya mashine. Mtu alikuwa ameweka ulinzi baada ya mwizi kupita, nayo kompaila, iliyoyajua maneno bila kuijua nia, ikamwondoa mlinzi huyo kama mtu asiye na kazi. Ilibidi programu isahihishwe, na kompaila iamriwe kutofuta maswali ya namna hiyo katika kiini.

Mazungumzo badala ya mashindano

Kama kila upande una ujuzi usiokuwamo katika mwingine, yapaswa wasemezane. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wa programu nyingi za FORTRAN. Aliona kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya muda wake wote wa utekelezaji. Matokeo haya yalimwonya mtunzi asijichoshe kuinyoosha kila sentensi, kwani sehemu kubwa ya taabu hiyo haina faida, na mara nyingi huifanya programu isisomeke. Yalimwonya vilevile asibahatishe ni wapi ilipo ile asilimia 4, apime kwanza.

Mwaka 1974 Knuth alikwenda mbele zaidi. Alipendekeza kwamba kompaila zimweleze mtunzi ni sehemu zipi za programu yake zinazogharimu zaidi, na kwamba iundwe mifumo ambamo mtu huandika programu iliyo safi na yenye kueleweka, kisha yeye na mashine wakaigeuza hatua kwa hatua iwe ya haraka: mtu akichagua geuzi, mashine ikilifanya bila kukosea. Kompaila kadhaa za leo hutoa taarifa za namna hiyo, zikimwambia mtunzi ni mzunguko gani zimeshindwa kuuboresha na kwa sababu gani. Sababu huwa mara nyingi ni kukosa ahadi fulani ambayo mtu angeweza kuitoa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Jina lifaalo

Sasa turudi kwenye jina. Tunaona mambo matatu.

Kwanza, kitenzi kukusanya kiachwe. Kinaieleza A-0 ya mwaka 1952, wala hakielezi chombo chochote cha leo kinachoitwa kompaila. Mfasiri anayeifuata asili ya neno la Kiingereza ataleta katika Kiswahili historia ya neno na kuiacha nje kazi ya kitu.

Pili, Kiswahili kina tofauti ambayo hapa ni hazina. Mfasiri huuchukua mwandiko wote, akautafakari, akautoa mzima katika lugha nyingine. Mkalimani husema papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyopo baina ya kompaila na ule mfumo wa Backus wa mwaka 1953, ambao ulitafsiri kila amri wakati wa kuitekeleza. Ngeli nazo zitusaidie. Tunasema kipima joto, kipaza sauti na kinasa sauti, na kiambishi ki- kinamwambia msikilizaji kwamba hivi ni vyombo. Kwa kufuata muundo huo tunapendekeza kifasiri programu kwa kompaila, na kikalimani programu kwa chombo kile kingine. Mtunzi, kwa ngeli yake ya m-, abaki kuwa mtu, mwenye nia na mwenye dhamana. Aliyeizoea kompaila aendelee nayo, maana ni neno lililokwisha kutoholewa vizuri. Lakini mwalimu anapoieleza, aieleze kwa maana ya kufasiri.

Tatu, kazi ya kuinyoosha programu iitwe kuboresha. Neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini chenye maana ya bora kuliko vyote, nalo linaahidi kisichowezekana. Ili kuipata iliyo fupi kuliko zote kwa kila programu, kompaila ingepaswa kujua ni programu zipi zitakazozunguka milele bila kutoa jibu, na Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu wa jumla wa kulijua hilo. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Katika jambo hili neno letu ni la kweli kuliko lile tunalolitafsiri, na mfasiri asishawishike kuliongezea sifa lisizozihitaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu mwaka 1952 kazi moja baada ya nyingine imehama kutoka mikononi mwa mtunzi kwenda kwa kompaila: kunakili, kupanga anwani, kurahisisha mizunguko, kugawa rejista. Hizi zote ni kazi zenye kanuni kamili na masharti mengi. Kuchagua njia ya kutatua tatizo, kujua hali halisi ya data, kutoa ahadi na kuitimiza, kumebaki kwa binadamu. Tunawashauri walimu waupange ufundishaji wao kwa kufuata mgawanyo huo: kwanza mwanafunzi aandike wazi, pili achague njia njema, tatu apime, na mwisho ayasome maelezo ya kompaila kabla ya kuigusa programu tena.

Kuhusu majina tuliyoyapendekeza, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu katika kazi zao za kila siku, watuletee maoni yao pamoja na mifano ya sentensi walimoyatumia, ili yapitiwe kabla ya kusanifiwa.